Kichwa Hakigeuki

Shemeji yangu alifariki Jumapili mchana akimenya chungwa. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki sebuleni, kisu mkononi, ganda limening'inia bila kukatika, maana alikuwa na majivuno ya kumenya chungwa zima kwa ganda moja. Dada yangu alidhani amesinzia. Alimfunika uso kwa leso kwa sababu ya nzi, akatoka kwenda kuanua nguo. Aliporudi na kugundua, alikitoa kile kisu mkononi mwa mumewe, akakiosha, akakirudisha mahali pake, kisha akaja kwenye chumba changu cha kushonea, nyumba ya pili kutoka kwao. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mdogo wangu, acha kushona kidogo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuja kuazima uzi.

Hakulia. Hakulia siku ile, hakulia makaburini, hakulia watu walipotawanyika na viti vya kuazima vikarudishwa kwa wenyewe. Alikaa mahali alipoambiwa akae, akanywa chai aliyopewa, akamwambia "asante" kila aliyempa pole. Nikawasikia wanawake wawili jikoni wakinong'ona kwamba mjane huyu ana macho makavu, pengine ile ndoa ilikuwa ya maonyesho. Mimi ulimi wangu haujawahi kujua kukaa ndani. Niliwauliza, "Mmekuja kuzika au mmekuja kupima machozi?" Waliondoka wamenuna, na wala sijutii. Ila ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nikimtazama dada kwa jicho la pembeni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliungoja mshindo huo siku baada ya siku, kila nikisikia mlango wao ukifunguliwa. Haukuja.

Dada yangu kazi yake ni kuwatembeza watoto wa shule msituni. Ukilisema hilo mtaani kwetu watu hucheka, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Watoto wapelekwe msituni kutafuta nini, kwani wamepoteza mbuzi? Lakini shule za mjini huwaleta kwa basi hadi kwenye lango la ofisi ya misitu, wakiwa na chupa zao za maji na kelele zao, na dada huwapokea na kuwaingiza. Huko ndani huwalaza chali kwenye majani makavu, wafumbe macho, na kwa kila sauti wanayoisikia wakunje kidole kimoja. Huwapa vijiko wachimbe udongo waunuse. Humfunga mtoto kitambaa machoni, akampeleka kwenye mti, akamwacha aupapase, kisha akamrudisha na kumfungua, aende akautafute mti wake kati ya miti yote. Watoto wa ghorofani, ambao hawajawahi kukanyaga mahali pasipo na sakafu, hurudi na matope hadi magotini na hawataki kupanda basi. Habari za magoti hayo nazijua vizuri, maana sare za shule kadhaa nazishona mimi.

Kazi hiyo aliifanya pamoja na mumewe. Njia za mle ni nyembamba, kwa hiyo wana kamba ndefu ya katani yenye mafundo, na kila mtoto hushika fundo lake. Dada alishika ncha ya mbele, shemeji akashika ncha ya nyuma. Watoto wakawabatiza Mwalimu Kichwa na Mwalimu Mkia, na majina hayo yakawaganda hadi huku mtaani. Wakifika mahali pa kuangalia, kwenye njia panda, kwenye kijito, kwenye gogo kubwa lililoanguka, Kichwa husimama na kuita, "Mkiaaa!" Na kutoka nyuma Mkia huitika, "Upo! Na wote wapo!" Hapo ndipo safari inapoendelea. Bila jibu hakuna anayeinua mguu.

Na ipo sheria moja iliyozidi zote: kichwa hakigeuki. Miaka ya mwanzo, kabla ya sheria hiyo, dada aligeuka huku akitembea ili ahakikishe watoto wote wapo. Watoto nao wakageuka kutazama alichokuwa anakitazama, wa mbele akajikwaa kwenye mzizi, na msafara mzima ukaangukiana. Mtoto mmoja alivunjika jino. Shemeji hakuacha kumtania kwa jambo hilo hadi mwisho wake. "Mke wangu," alikuwa akisema, "mguu hauna jicho. Wewe tazama mbele, nyuma niachie mimi." Dada akatii. Tangu siku ile, akishaingia msituni na kamba mkononi, hageuki hata umwambie nyuma kuna simba.

Mimi shemeji aliniita Sindano, kwa sababu ya kazi yangu na kwa sababu ya mdomo wangu. Kila akipita mbele ya mlango wangu, mabuti yamejaa tope, alinipigia kelele, "Sindano! Lini unakuja msituni? Majongoo wanakuulizia." Namjibu, "Waambie nimeolewa." Naye anasema, "Uongo huo hata jongoo hadanganyiki nao." Tukacheka, akaenda zake. Sikuwahi kwenda. Mimi na wadudu hatujawahi kuelewana.

Baada ya msiba dada alirudi kazini mapema, na watu wakapata la kusema tena. Mimi nilifurahi, nikadhani kazi itamfungua. Jioni alirudi, akavua mabuti, akayapanga mlangoni sambamba na yale ya mumewe ambayo hakuna aliyethubutu kuyaondoa, akapika, akala nusu. Ukimuuliza kazi ilikuwaje anajibu, "Salama." Ukimuuliza watoto walikuwaje anajibu, "Salama." Ningemwambia paa la nyumba linaungua angejibu hivyohivyo.

Kisha akaja bwana misitu, mkuu wake wa kazi, na suruali ya kupunguza.

"Fundi, ama mimi nimefupika ama suruali imekua," alisema, akakaa kwenye benchi la wateja. Ni mtu mpole, kalamu yake hukaa nyuma ya sikio hata akienda kanisani. Nilipima, nikaweka alama kwa chaki, nikangoja aondoke. Hakuondoka. Alikohoa, akatazama feni.

"Dada yako anasimama," alisema mwishowe.

"Anasimama vipi? Mtu mzima akisimama kuna kosa gani?"

"Akiwa njiani na watoto. Anaita Mkia, mkia unaitika, yeye haendi. Anasimama tu. Nilimpa yule kijana wa kitaluni awe mkia, anasema walisimama hadi watoto wakaanza kukaa chini. Nikambadilishia, nikampa mwalimu wa shule yenyewe. Ikawa vilevile. Safari iliyopita mvua iliwakuta palepale wamesimama, dereva wa basi anapiga honi huko langoni. Mwalimu mkuu amenipigia simu, na mimi sikuwa na la kumjibu."

"Sasa umeamua nini?"

"Fundi, mimi sina ubaya naye." Alishika kalamu yake kama anayehakikisha ipo. "Kuna shule inakuja wiki ijayo. Kama ni vilevile, nitamhamishia kitaluni. Atajaza udongo kwenye viriba, ile mifuko ya miche, na kumwagilia. Ni kazi ya utulivu. Atapumzika."

"Mtu hakuzaa, mume kafa, umwondolee na watoto wa watu, halafu useme unampumzisha? Sema unamzika."

Aliniachia suruali yake akaenda. Niliikunja pindo upande mmoja nikashona upande mwingine, ikabidi nifumue. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira ilikuwa hofu tupu. Dada huyu ndiye aliyenilea mama alipotuacha. Nilimwona akikauka mbele ya macho yangu, na uzi pekee uliobaki kumshikilia ulikuwa ile kamba ya watoto.

Jioni nikamfuata kwao. Alikuwa ameketi jikoni, akichambua maharagwe kwenye sinia.

"Dada, wanasema ukiwa msituni unasimama."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nangoja mkia uitike."

"Si huwa wanaitika?"

"Wanaitika." Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Unawasikia?"

"Nawasikia vizuri tu."

"Sasa unangoja nini kingine?"

Alifikiri, au niseme aliacha kuchambua kwa muda. "Sijui," alisema. "Miguu haiendi." Kisha akaniuliza kama nitakula. Nikasema nitakula, na tukala, na hakuna aliyesema neno jingine la maana. Moyo wa mtu ni msitu, husema watu, na siku ile niliona msemo huo hauna uzuri wowote.

Asubuhi nikampelekea bwana misitu suruali yake, nikamwambia, "Hiyo shule inayokuja, mkia ni mimi." Alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akatabasamu kidogo, ikawa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu msiba. "Wewe? Unaogopa mende." Nikamwambia mende ni mende na dada ni dada. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Siku yenyewe nilivaa viatu vyangu vya raba, kwa sababu mabuti yaliyokuwepo yalikuwa ya shemeji na sikuwa na ujasiri huo. Dada aliniona langoni, akaniona na ncha ya kamba mkononi, akasema, "Umekuja." Basi. Watoto wakaniita shangazi, wakaniuliza kama mimi ndiye mkia mpya. Msichana mmoja mrefu, aliyekuwa amekuja pia mwaka uliopita, alikuwa anajua kila kitu na hakuninyima ujuzi wake. "Shangazi, mkia haruhusiwi kuachia kamba. Shangazi, mkia haongei na simu. Shangazi, akiita unasema 'Upo, na wote wapo,' lakini kwanza uhesabu." Nilimwambia asante, mwalimu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ilikuwa ya katani.

Tukaingia. Sitaki kutia chumvi: msitu ni msitu. Kuna unyevu, kuna harufu ya majani yanayooza, kuna vitu vinavyotembea juu ya mikono yako bila kubisha hodi. Jongoo wa kwanza nilimwona kabla hatujafika mbali, mnene, mweusi, akivuka njia kama mwenye nyumba. Nilitoa sauti ambayo sitaieleza. Watoto walicheka hadi kamba ikatikisika. Mbele kabisa, mgongo wa dada haukutikisika.

Alifanya kazi yake yote. Aliwalaza watoto chali, akawaambia wakunje vidole. Aliwapa vijiko. Aliwaeleza kwa nini mti uliokufa una wapangaji wengi kuliko mti mzima, na watoto wakapekua gome lililooza wakapiga kelele za furaha. Hakukosea neno. Lakini alisema yote kama mtu anayesoma maelezo ya dawa nyuma ya boksi. Mtoto alimletea kiwavi wa kijani kwenye kiganja, macho yakimng'aa, na dada akasema, "Vizuri," huku akitazama mahali fulani kando ya sikio la mtoto. Mtoto alibaki na kiwavi wake. Niliumia kwa ajili ya mtoto yule, nikaumia kwa ajili ya dada, na sikujua nianze na maumivu yapi.

Tukashika kamba tena. Kwenye njia panda dada akasimama, akaita bila kugeuka, "Mkiaaa!"

Nikahesabu, nikaitika kwa sauti yangu yote ya kugombania wateja, "Upo! Na wote wapo!"

Hakwenda.

Tulisimama. Watoto wakashusha mabega. Mmoja akauliza kwa nini hatuendi, mwenzake akamwambia nyamaza. Mwalimu wao, aliyekuwa katikati, alinitazama akainua nyusi. Nami nikamtazama dada. Kutoka kule nyuma nilichokiona ni kisogo chake na mabega yake, na kichwa kilichoinama upande kidogo, kama mtu aliyeshika simu yenye mtandao mbovu, anayesubiri sauti ya upande wa pili irudi.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilijiona mjinga kwa kuchelewa. Nyumbani alimwona mumewe amekufa. Alimwona kwenye kiti, alimwona kwenye sanduku, aliona udongo ukirudishwa. Lakini msituni hakuwahi kumwona. Miaka yote ile, huku ndani, mumewe alikuwa sauti ya nyuma tu. Na sheria ilikuwa asigeuke. Maadamu hageuki, hakuna kilichobadilika: yuko mbele, mumewe yuko nyuma, na safari hii tu anachelewa kuitika. Kijana wa kitaluni akiitika, mwalimu akiitika, mimi nikiitika, hiyo ni mikia mingine. Wa kwake bado hajasema kitu, na Kichwa hakiondoki bila jibu. Ndivyo walivyozoeana.

Baada ya muda mrefu mwalimu alisema kwa upole, "Twendeni basi," na dada akaenda, kama saa iliyotikiswa.

Mbele yetu kulikuwa na kijito. Nilijua atasimama hapo. Nilitembea nikifikiri. Nilikuwa na mdomo maisha yangu yote; wateja wanaujua, mtaa unaujua, shemeji aliupa jina. Na kitu pekee nilichoweza kumsaidia nacho dada yangu kilikuwa kuufunga.

"Mkiaaa!" aliita kwenye kijito.

Sikuitika.

Watoto wote walinigeukia. Yule msichana mrefu akanong'ona, "Shangazi, jibu." Nikaweka kidole mdomoni.

"Mkiaaa!" aliita tena, kwa nguvu zaidi.

Maji yalipita juu ya mawe. Ndege fulani alilia, akanyamaza. Nikauma midomo. Sijawahi kumfanyia dada yangu jambo la kikatili kama lile, na nilikuwa nalifanya makusudi, mchana kweupe, mbele ya watoto wa watu.

Mara ya tatu hakuita Mkia. Aliita, "Mwenzangu?" Hakuita kwa kelele. Aliita kama mtu anavyoita chumba cha pili, akiuliza kama taa imezimwa.

Kisha akageuka.

Aligeuka taratibu, miguu kwanza, halafu mabega, halafu uso. Akawatazama watoto waliosimama kwenye mafundo yao, mmoja mmoja, akashuka nao hadi mwisho wa kamba, na mwisho wa kamba akanikuta mimi na raba zangu zilizolowa. Alinitazama sana.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, dada."

"Hayupo."

"Hayupo, dada yangu."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. "Nilikuwa najua," alisema. "Nyumbani nilikuwa najua. Huku nilikuwa bado sijaambiwa."

Hakuna mtoto aliyecheka wala kuuliza. Watoto huwa wanajua wakati wa kukaa kimya kuliko sisi tunaowafundisha. Yule mwenye kiwavi alikuwa bado naye mkononi.

Nilidhani ataanguka. Nilijiandaa kuachia kamba nimkimbilie, sheria na iende. Lakini dada aliiachia ncha ya mbele, akashuka kando ya msafara, akigusa kila fundo alipolipita, na kila mkono wa mtoto juu ya fundo, hadi akafika nilipo. Akachukua ncha ya nyuma kutoka mkononi mwangu. Vidole vyake vilikuwa baridi kama mkasi wa asubuhi.

"Nenda mbele," alisema.

"Mimi? Njia siijui hata kidogo."

"Watoto wanaijua. Nenda."

Nikaenda. Yule msichana mrefu alihama na kushika fundo la kwanza nyuma yangu bila kuombwa, akawa ananielekeza: kushoto hapo, shangazi, angalia mzizi, hapo panateleza. Tukavuka kijito. Maji yaliingia ndani ya raba na sikujali. Mbele yangu hakukuwa na mgongo wa mtu, njia tu, na nyuma yangu nilisikia miguu mingi midogo. Niliwaza jinsi inavyotisha kuwa wa kwanza. Dada alilibeba hilo miaka yote na hakuwahi kusema, kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma.

Tukafika kwenye gogo kubwa.

"Hapa unasimama," msichana alisema. "Unaita."

Nikasimama. Nikaita, "Mkiaaa!"

Kimya.

Kimya kilidumu hadi nikaanza kuogopa kwamba nimemvunja, kwamba ameketi huko nyuma na hatainuka tena, na nitamwambia nini bwana misitu, na nitajiambia nini mimi mwenyewe.

"Upo!" sauti ya dada ikaja.

Nikangoja sehemu ya pili. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa pumzi, halafu pumzi nyingine iliyokwama, halafu kilio. Nimemjua dada yangu tangu nizaliwe na sijawahi kumsikia akilia vile, kwa sauti, bila kuizuia, kama mzigo mzito unaoburutwa sakafuni. Alilia kuanzia ile Jumapili. Alilia chungwa lile, na leso, na nguo alizokwenda kuanua.

Mwili wangu wote ulitaka kugeuka. Niliachia mkono mmoja kwenye kamba.

"Shangazi," msichana alisema taratibu nyuma yangu. "Kichwa hakigeuki."

Ningeweza kumzaba kofi. Lakini nyuma yake kulikuwa na watoto wote wale, kwenye njia nyembamba, na mizizi miguuni pao, na wakiniona nageuka wangegeuka, na dada hakuhitaji macho yote yale wakati ule. Nikaikamata kamba kwa mikono miwili. Nikatazama gogo. Lilikuwa na uyoga mdogo wa rangi ya chai, na sisimizi wakipita katikati ya uyoga na vitu vyeupe vinywani. Niliutazama uyoga ule huku machozi yakinitoka mimi pia, na sikwenda mbele wala sikugeuka. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimesimama.

Baada ya muda alipenga kamasi. Akakohoa.

"Na wote wapo," alisema, kwa sauti iliyoziba.

"Twende," nikasema.

Bwana misitu alikuwa langoni, anatazama saa. Aliniona mimi mbele, nimelowa hadi magotini, kilemba kimeondoka na tawi. "Kichwa kiko wapi?" aliuliza.

"Kimehamia nyuma."

Alichungulia juu ya vichwa vya watoto. Sijui aliona nini, lakini alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaichezea, akairudisha. "Amelia?"

"Bado analia."

"Basi," alisema. "Kitalu kina watu wa kutosha." Kisha akanitazama kwa wasiwasi. "Alhamisi kuna shule nyingine. Wewe utashona?"

"Nitashona Ijumaa," nilimwambia.

Langoni sheria inaisha. Nikaweka ncha yangu ya kamba chini, na ndipo nikageuka. Watoto walikuwa wanaachia mafundo, mmoja mmoja, wakikimbilia basi na matope yao. Mwisho kabisa alikuwa dada, macho mekundu, uso umevimba, pua inatiririka, na hakujifuta. Yule mtoto wa kiwavi alisimama mbele yake na kiganja wazi. Dada aliinama, akamtazama kiwavi kwa muda mrefu, akamuuliza amemwokota kwenye jani gani.